MZAZI ANAPOOGOPA: KUMTUMAINI MUNGU KATIKA ULINZI NA RIZIKI YA WATOTO WETU

Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo halimo katika taarifa zetu za robo mwaka, lakini tunakutana nalo kila tunapotembelea mitaa. Jambo hilo ni hofu ya mzazi.

Katika semina moja ya afya ya mama na mtoto tuliyoendesha hapa Songea, mama mmoja alinyoosha mkono na kuuliza, "Tunaambiwa tumtumaini Mungu kwa ulinzi wa watoto wetu. Sasa nikifunga chandarua na kukimbilia zahanati kila mtoto akipata joto, je, si kwamba simwamini?" Washiriki wengine walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Tulitambua kwamba wengi walikuwa na swali hilo hilo moyoni, ila hawakuwa na ujasiri wa kuliuliza.

Tulimjibu kwa haraka na kuendelea na ratiba. Tulikosea. Miezi michache baadaye, katika mtaa mwingine ambako pia tulikuwa tumeendesha semina, mtoto wa miaka miwili alishikwa na homa siku ya Ijumaa jioni. Mvua ilikuwa kubwa na zahanati iko mbali. Wazazi waliita majirani, wakaomba usiku kucha, na Jumamosi nzima wakaendelea kuomba. Jumapili alfajiri mtoto alipata degedege, na akafariki njiani akipelekwa kutibiwa. Katika mazishi, mtu mmoja mwenye nafasi kanisani alisema mbele ya wote kwamba imani ilikuwa ndogo. Tangu siku hiyo yule mama aliacha kuja ibadani.

Tulipokwenda kumtembelea tulijiuliza sisi wenyewe tulifanya nini. Tulikuwa tumefundisha juu ya mbu, tumegawa vipeperushi, tumepiga picha na kuandika taarifa. Hatukuwa tumeuliza mzazi wa mtaa ule anafikaje zahanati usiku wa mvua, wala hatukuwa tumefundisha uhusiano wa maombi na dawa. Makala hii ni sehemu ya deni hilo.

Songea inaijua hofu hii

Hofu ya mzazi si jambo geni katika mkoa wetu. Mwaka 1905 wazee wetu waliingia katika Vita vya Majimaji wakipinga utawala wa Wajerumani. Walikuwa na sababu za kweli: kodi, kazi za kulazimishwa na kupigwa viboko. Walipewa maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi zitageuka maji. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa 67 walinyongwa hapa Songea, na kila mwaka mwezi Februari tunakusanyika kuwakumbuka. Hatuwacheki wazee hao. Walikuwa wazazi waliotaka watoto wao waishi katika nchi yao wenyewe, na walishika kinga iliyokuwa mbele yao.

Lakini kilichoua watu wengi zaidi hakikuwa risasi. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala makusudi ili njaa imalize upinzani. Makadirio ya serikali ya kikoloni yalikuwa watu 75,000 waliokufa. Baadhi ya wanahistoria wanafikisha watu 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakushika silaha. Walikuwa akina mama, wazee na watoto waliokufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Hivyo mzazi wa Songea amejua tangu zamani hofu mbili: ya kumpoteza mtoto ghafla, na ya kukosa cha kumpa.

Tunakumbusha historia hii kwa sababu kuna hatari ambayo sisi Wakristo hatujaepukana nayo. Tunaweza kulichukua jina la Yesu na kulitumia kama maji yale, yaani kama dawa ya kujipaka ili risasi isipenye. Injili inatuonya. Shetani alipomjaribu Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, alitumia Zaburi ya 91, zaburi ile ile tunayoisoma tunapoombea nyumba zetu ulinzi. Alimtaka ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa. Alijua kwamba Baba yake anamlinda, na kwa sababu hiyo hiyo hakuwa na haja ya kumjaribu. Mzazi anayeacha zahanati ili aone kama Mungu ataponya bila dawa anasimama juu ya kinara kile kile, ila anayetupwa chini ni mtoto.

Martin Luther alipokuwa baba mwenye hofu

Mwalimu wetu Martin Luther naye alikutana na swali la mama yule wa semina. Mwaka 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg, Ujerumani, alikokuwa akiishi. Chuo Kikuu kilihamishwa na watu wengi walikimbia. Luther alibaki ili awahudumie wagonjwa, na nyumba yake mwenyewe ikawa kama hospitali. Wakati huo mkewe Katharina alikuwa mjamzito, na mtoto wao Hans, mwenye umri wa mwaka mmoja tu, aliugua.

Katika kipindi hicho wachungaji wa mji wa Breslau walimwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Aliwajibu kwa barua ndefu iliyochapishwa mwaka huo huo. Kwa maneno yetu wenyewe, mafundisho yake ni haya: mwenye wajibu kwa wengine, kama mchungaji, kiongozi au mzazi, asiwaache wanaomtegemea. Asiye na wajibu huo anaweza kuondoka bila dhambi. Wote wamwombe Mungu, kisha wasafishe nyumba, watumie dawa, na wasiende mahali ambapo hawahitajiki ili wasiambukizwe na kuambukiza wengine. Anayedharau dawa kwa madai ya imani, alisema, anamjaribu Mungu, kwa maana dawa nazo ameziumba Mungu. Lakini jirani akimhitaji, aende bila kusita.

Tuangalie pia yaliyofuata. Hans alipona. Desemba 1527 Katharina alijifungua binti, Elisabeth. Agosti 1528, kabla hajatimiza miezi tisa, Elisabeth alifariki. Mwaka 1542 Luther alimzika binti mwingine, Magdalena, aliyekuwa na miaka 13. Aliomba, akatumia dawa, akahudumia wengine, na bado alizika watoto. Asiwepo mtu wa kusema kwamba imani ya Luther ilikuwa ndogo.

Mwaka 1529, mwaka mmoja tu baada ya kumzika Elisabeth, alitoa Katekisimu Ndogo ambayo watoto wetu wa kipaimara wanaisoma hadi leo. Katika maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana, linalohusu riziki ya kila siku, hakutaja chakula peke yake. Aliorodhesha pia nguo, nyumba, shamba, mifugo, watawala wema, hali ya hewa nzuri, amani, afya, marafiki na majirani waaminifu. Tunaomba kila mwanakamati asome maelezo hayo tena polepole. Ikiwa jirani mwaminifu ni sehemu ya riziki ambayo mzazi anamwomba Mungu kila siku, basi sisi tulio karibu naye ndio jibu la sala yake, au ndio tunaochelewesha jibu hilo.

Ulinzi: tuanze na malaria

Mwaka 1999, utafiti wa taifa ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa mwaka 2004/05 idadi hiyo ilikuwa 112, na katika ule wa mwaka 2022 ilishuka hadi 43. Je, wazazi wa leo wana imani kubwa kuliko wale wa zamani? Hatudhani hivyo. Bibi zetu waliomba kama sisi, pengine kutuzidi. Kilichobadilika ni chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa bora, lishe, na akina mama wengi zaidi kujifungulia katika vituo vya afya. Sisi tunaamini kwamba Mungu aliyesikia maombi ya bibi zetu ndiye aliyetupa vitu hivi.

Mkoa wetu una ushuhuda wake. Mwaka 2013 mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianzia mikoa ya kusini, yaani Ruvuma, Lindi na Mtwara. Mwanafunzi alipewa chandarua shuleni akakibeba hadi nyumbani, na mara nyingi aliyelala chini yake alikuwa mdogo wake. Aidha, mama mjamzito hupata chandarua kliniki, na mtoto hupata chake anapokwenda kwa chanjo ya surua.

Pamoja na hayo, kuna mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua na kila mtaa unapaswa kuyarudia:

Kwanza, mbu anayeeneza malaria huuma zaidi usiku. Chandarua kinalinda kinapofungwa kila siku, hata kiangazi. Chandarua kinachofunika vifaranga au kuanikia dagaa hakimlindi mtoto.

Pili, homa ya mtoto mdogo haisubiri. Apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha damu hutoa jibu kwa dakika chache, na dawa mseto, ambayo imekuwa tiba ya malaria nchini tangu mwishoni mwa mwaka 2006, hufanya kazi vizuri inapoanza mapema na kumalizwa. Vidonge vya SP ambavyo baadhi ya familia bado wanavitunza kabatini si tiba tena. Siku hizi hutolewa kliniki kama kinga kwa wajawazito.

Tatu, zipo dalili za hatari. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kupoteza fahamu, aondoke nyumbani saa hiyo hiyo.

Nne, degedege si ndege wala pepo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wameamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, na hivyo huanza kwa mganga. Mara nyingi degedege huletwa na homa kali, na inaweza kuwa dalili kwamba malaria imefika kwenye ubongo. Kila saa inayopotea ni hatari kwa maisha yake.

Kwa hiyo jibu tulilopaswa kumpa yule mama wa semina ni hili: mama, funga chandarua huku ukiomba. Mtoto akipata homa, mbebe na uombe njiani. Mungu anasikia barabarani kama anavyosikia nyumbani.

Riziki: ghala limejaa, mtoto amedumaa

Jambo la pili linagusa riziki. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa kwa mahindi. Anayepita hapa wakati wa mavuno ataona magunia yamepangwa kando ya barabara. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba watoto 44 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa takribani 36 kati ya 100. Tumshukuru Mungu kwa hatua hiyo, lakini bado tulikuwa juu ya wastani wa taifa, ambao ulikuwa 30.

Inakuwaje mtoto adumae kando ya ghala? Sababu ni kadhaa. Mtoto anayekula uji wa mahindi mtupu anashiba bila kujengwa mwili. Mama anayeshinda shambani msimu wote hana nafasi ya kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku. Malaria na kuhara za mara kwa mara humnyang'anya mtoto hata kile kidogo alichokula. Madhara makubwa hutokea katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, na ni vigumu sana kuyarudisha nyuma baadaye.

Kuna pia kalenda yetu. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei hadi Julai, bei ikiwa chini. Familia inauza mengi ili kulipa madeni ya pembejeo. Januari inapofika, ingawa ada ilifutwa mwaka 2016 katika shule za serikali hadi kidato cha nne, bado kuna sare, madaftari na michango. Wakati huo ghala limepungua, mvua zinanyesha, mbu wameongezeka, na kazi ya palizi ni nzito. Hofu zote za mzazi hukutana katika miezi hiyo mitatu, Januari hadi Machi.

Tunapowafundisha Wakristo kwamba Mungu anawalisha ndege wa angani, tusiache kuwafundisha habari za Yusufu kule Misri, aliyeweka akiba miaka saba ya neema. Familia inaweza kukubaliana, baba na mama pamoja, magunia mangapi hayauzwi kwa sababu yoyote ile. Yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, au kwa dawa inayofaa, ili dumuzi asiyamalize. Uji wa mtoto uongezwe karanga, maharage, soya au dagaa wa Ziwa Nyasa, na mboga za majani kutoka bustanini. Vyakula hivi karibu vyote tunavyo. Mara nyingi tunaviuza na kumwachia mtoto unga peke yake.

Mtoto anapofariki

Pamoja na yote haya, bado wapo watoto watakaofariki. Wapo wazazi waliofunga chandarua, wakawahi zahanati, wakaomba kwa machozi, na wakarudi na jeneza dogo. Hapa kanisa linapimwa.

Tunawaomba viongozi wote wasiseme kwamba imani ilikuwa ndogo, au kwamba kuna dhambi nyumbani. Ayubu aliambiwa maneno ya namna hiyo na rafiki zake, na mwisho Mungu aliwakemea wao, si Ayubu. Rafiki hao walifanya jambo moja jema: siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno. Tukae na wazazi, tupike, tuchote maji, tulime kipande chao cha shamba kilichobaki na magugu. Na tusiache kuwatembelea baada ya arobaini, maana huo ndio wakati nyumba inakuwa kimya.

Kuogopa nako si kukosa imani. Bwana Yesu mwenyewe alihuzunika hadi jasho likamtoka kule Gethsemane. Mzazi anayeamka usiku kugusa paji la uso la mtoto wake amepewa hofu hiyo kwa ajili ya kumlinda.

Tunachoomba kwa kamati na wafadhili

Baada ya msiba ule, kamati ya mtaa ilikaa nasi na kukubaliana mambo matatu, ambayo tunayapendekeza kwa sharika zote:

1. Mfuko wa dharura wa mahindi. Kila nyumba inayoweza inatoa debe moja wakati wa mavuno. Mahindi yanahifadhiwa pamoja na kuuzwa bei inapopanda. Fedha hizo ni kwa ajili ya usafiri wa mtoto mgonjwa au mama mjamzito, na hutolewa saa hiyo hiyo bila barua.

2. Orodha ya usafiri wa usiku. Vijana wawili wenye pikipiki wanajulikana kwa majina, na kila mzazi anajua mlango wa kugonga. Nauli hulipwa na mfuko, hata kama mzazi hana kitu.

3. Maombi na kuondoka. Mzee wa kanisa anayeitwa kumwombea mtoto mwenye homa anaomba kwa ufupi, kisha anahakikisha mtoto ameondoka kwenda kupimwa. Ikibidi, anamsindikiza.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa vyandarua, mafunzo na vifaa mlivyowezesha. Tunaomba pia mtuelewe tunapoomba fungu dogo la mifuko ya kuhifadhia nafaka, na muda zaidi wa kutembelea mitaa bila semina wala posho. Kazi hiyo haionekani vizuri katika picha, lakini tumejifunza kwa gharama ya mtoto mmoja kwamba semina peke yake haitoshi.

Msimu uliopita, mfuko wa mtaa ule ulitumika mara nne. Watoto wote wanne walirudi nyumbani. Yule mama tuliyemtaja mwanzoni huja ibadani siku moja moja na kukaa karibu na mlango. Hatumhimizi zaidi ya hapo. Lakini wakati wa mavuno alituma debe lake la mahindi, likapokelewa na kuandikwa katika daftari pamoja na ya wengine.

Mungu Baba awalinde watoto wenu, na awape ninyi kuwa majirani waaminifu. Amina.